Raia wa Ardhini katika Mashamba ya Mizabibu

Katika nchi za Ulaya zilimazo zabibu, tangu zama za plau likokotwalo na nyumbu mpaka zama hizi za matrekta membamba yapitayo baina ya safu mbili bila ya kugusa jani, usafi wa ardhi umehesabiwa kuwa hati ya heshima ya mwenye shamba. Jirani aliyepita njiani akaona udongo umetifuliwa vyema, hauna hata unyasi mmoja, na mizabibu imesimama juu yake safu kwa safu, alikwenda zake akimsifu mwenyewe kwa bidii; na yule aliyeyaacha majani yakaota kati ya safu zake alisemwa kuwa mvivu, au mgonjwa, au mtu aliyeelemewa na madeni. Sifa hiyo na lawama hiyo zilitolewa kwa kuutazama uso wa ardhi tu. Laiti wenye kusifu na wenye kulaumu wangalitazama chini ya uso huo, kadiri ya shibiri moja, wangaliona kwamba lile shamba lililosifiwa aghalabu lilikuwa limehamwa na wakazi wake wa asili, na lile lililolaumiwa lilikuwa na umati mkubwa ulio kazini mchana na usiku, usiolipwa ujira wala kujulikana kwa jina.

Wakazi ninaowakusudia ni arithropodi, ile jamaa kubwa ya viumbe wenye miguu ya viungo na gamba badala ya mifupa, ambamo wamo wadudu, buibui, utitiri, tandu, majongoo na hata kaa. Wengi wa hao waishio udongoni hawafiki urefu wa milimita 2, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kulima umri wake wote asimjue hata mmoja wao kwa sura. Walio wengi kuliko wote ni utitiri na kolembola. Aina za kolembola zilizokwisha kuelezwa na wataalamu zapata 9,000, na katika mita moja ya mraba ya udongo mzuri huweza kupatikana makumi ya maelfu yao. Wale wakaao juu, chini ya majani makavu, wana rangi, wana macho, na wana uma uliokunjwa chini ya tumbo na kushikwa na kifungo chake, ambao ukifunguliwa ghafula hupiga ardhi na kumrusha mwenyewe mbali na adui. Na wale wakaao chini zaidi, gizani, ni weupe, hawana macho, miguu yao ni mifupi, na uma ule umedhoofika au umetoweka kabisa, maana katika kitundu chenye upana wa unywele hapana pa kurukia. Mtu akiwatazama wa namna hizi mbili kwa hadubini, bega kwa bega, asingedhani kuwa ni ndugu.

Kazi yao si kuozesha wenyewe, kwa kuwa kuozesha ni kazi ya kuvu na bakteria. Kazi yao ni kuwafungulia njia hao waozeshao. Hutafuna jani lililoanguka likawa vipande, na vipande vikawa mavi madogo ambayo bakteria huyaingia kwa urahisi. Huchunga nyuzi za kuvu zisizidi wala zisichakae. Hubeba mbegu za kuvu juu ya miili yao kutoka mahali hata mahali. Na kwa kupita kwao huchanganya mboji na mchanga. Wengine ni wawindaji, kama nge-bandia, ambaye ana koleo za nge ila hana mkia wa sumu, na tandu mwembamba apitaye katika nyufa akiwatafuta walio wadogo kuliko yeye. Naitrojeni na fosforasi zilizokuwa zimefungwa katika jani la mwaka jana humfikia mzabibu wa mwaka huu kwa kupita katika matumbo mengi ya namna hii.

Haiwi haki, hata hivyo, kusimulia habari zao kwa wema mtupu, kwa sababu mkulima wa mizabibu alijuana nao kwanza kwa msiba. Mnamo Julai 1868, karibu na mji wa Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa, mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon wa Montpellier pamoja na wenzake walitumwa kutazama mizabibu iliyokuwa ikinyauka bila ya sababu kujulikana. Walikuwa wamechimbua mizizi ya iliyokufa wasione kitu. Wakachimbua ya ile iliyo hai bado, na hapo wakakuta vijidudu vya rangi ya manjano, havifiki hata milimita moja na nusu, vimejipanga juu ya mizizi vikifyonza maji yake. Mdudu huyo ni filoksera, jamaa ya vidukari, aliyevuka bahari kutoka Marekani pamoja na miche ya mizabibu, naye alikuwa akiuhama mzizi pindi ulipokufa. Ufaransa, iliyopata hektolita milioni 84.5 za divai mwaka 1875, ilipata milioni 23.4 tu mwaka 1889. Watu walijaribu kuyafurikisha mashamba kwa maji wakati wa kipupwe, na walichoma sindano za chuma ardhini, shina kwa shina, wakipiga kaboni disulfidi, sumu iliyomuua filoksera pamoja na kila mwenye pumzi aliyekuwa jirani yake. Mwishowe dawa haikuwa sumu bali ni kubebesha: mzabibu wa Ulaya ukawekwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake ilikuwa imezoeana na mdudu huyo tangu zamani. Nadhani msiba ule uliacha jeraha katika fikira za wakulima kwa vizazi vingi, hata kila kitembeacho katika mizizi kikawa mtuhumiwa, na ardhi tupu, kavu, isiyo na kitu, ikaonekana kuwa ardhi salama.

Msiba wa pili ulifuata nyuma ya ule wa kwanza, nao uliacha alama isiyofutika. Mwaka 1878 ulionekana Ufaransa ugonjwa ambao wakulima wetu wa zabibu wanauita ubwiri vinyoya, nao pia ulitoka Marekani. Katika vuli ya 1882 Alexis Millardet, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, alipita katika wilaya ya Médoc akaona kwamba mizabibu iliyo kandokando ya njia ilikuwa na majani mabichi, ilhali ya ndani ya shamba ilikuwa imepukutika. Sababu ilikuwa kwamba wenye mashamba walizoea kuirashia ile ya njiani mchanganyiko wa mrututu na chokaa, wenye rangi ya kutisha, ili wapitao njia waogope kuiba zabibu. Millardet akafanya majaribio, akayatangaza mwaka 1885, na tangu hapo mrututu na chokaa vimenyunyiziwa mizabibu ya dunia nzima, mwaka baada ya mwaka.

Sasa shaba iliyo katika mrututu haiozi, haigeuki hewa, wala haichukuliwi upesi na maji. Hushikamana na mboji na udongo wa mfinyanzi katika sentimita 20 za juu, nayo ndiyo nyumba ya hao viumbe tunaowazungumzia. Katika uchunguzi mkubwa wa udongo wa nchi 25 za Umoja wa Ulaya, ambao sampuli 21,682 zilipimwa, wastani wa shaba ulionekana kuwa miligramu 16.85 katika kila kilo ya udongo, lakini katika mashamba ya mizabibu wastani huo ulikuwa 49.26. Tangu mwaka 2019 sheria ya Umoja wa Ulaya haimruhusu mkulima kutia zaidi ya kilo 28 za shaba kwa hekta katika muda wa miaka 7. Yupo kolembola mmoja mweupe, kipofu, aitwaye Folsomia candida, ambaye huzaa bila ya dume na kufugika katika kikopo kidogo chenye plasta na makaa, naye amefanywa kipimo cha kimataifa cha sumu ya udongo: hutiwa katika udongo wenye shaba, baada ya wiki nne wanawe wakahesabiwa. Jambo linalonisikitisha hapa ni kwamba mkulima aliyeziacha dawa zote za viwandani kwa moyo safi, akafuata kilimo hai, ndiye aghalabu autegemeaye mrututu zaidi, kwa kuwa hana silaha nyingine iliyo kali kama huo dhidi ya ubwiri vinyoya. Nia njema na shaba nyingi vinaweza kukaa katika shamba moja.

Lakini twawezaje kujua ni nani akaaye chini na ni nani aliyehama, maadamu macho hayawaoni? Jibu lilitolewa Italia mwaka 1905 na Antonio Berlese, bingwa wa elimu ya wadudu aliyekuwa akifanya kazi Florence. Alichukua faneli kubwa, akaweka wavu ndani yake, akatia donge la udongo juu ya wavu, akalizungushia joto la maji ya moto, na chini ya mdomo wa faneli akaweka chupa. Viumbe wa udongoni hukimbia ukavu na joto. Kadiri donge lilivyokauka kutoka juu, wao waliteremka, wakateremka tena, hata wakaishiwa na pa kushuka wakadondoka chupani. Mwaka 1918 Albert Tullgren wa Sweden aliyaondoa maji ya moto akaweka taa ya umeme, na chombo hicho kinatumika mpaka leo bila ya mabadiliko makubwa. Katika miaka hiyo ulimwengu ulipata kujua viumbe ambao hawakuwahi kushukiwa kuwapo: mwaka 1907 Filippo Silvestri, Mtaliana mwenziwe Berlese, alieleza kwa mara ya kwanza protura, mdudu mwembamba mweupe asiye na macho wala papasi, ambaye huenda kwa miguu minne ya nyuma na kuinyosha ile miwili ya mbele akipapasia njia.

Huyu protura ana cheo katika habari yetu. Mwaka 2001 Vittorio Parisi wa Chuo Kikuu cha Parma alitoa kanuni ya kuupima udongo kwa arithropodi wake, kanuni ambayo haimlazimu mtu kujua majina ya aina elfu na moja. Huchukuliwa madonge matatu ya udongo, kila moja sentimita 10 kwa kila upande, yakatiwa katika faneli. Kisha walioanguka hutazamwa kwa umbo tu. Aliyejifunga kabisa na maisha ya chini, akapoteza macho, mabawa na rangi, hupewa alama 20. Anayeweza kwenda juu na chini hupewa pungufu. Na mpita njia, mwenye mabawa, hupewa alama 1. Protura hupata 20, utitiri 20, nge-bandia 20, ilhali kolembola hupewa kuanzia 1 mpaka 20 kwa kadiri alivyojibadilisha, na siafu na jamaa zake wote 5. Kila kundi huhesabiwa kwa alama yake iliyo kubwa, na jumla ya makundi ndiyo daraja ya udongo. Naiona hekima kubwa katika kanuni hii, kwa sababu haiulizi wako wangapi. Shamba lililotiwa samadi jana linaweza kujaa kolembola wa juu, warukao, wazaao upesi, likaonekana kuwa na neema. Lakini protura na pauropoda, yule jamaa mdogo wa majongoo, ambao hawana nguvu ya kuchimba wala mwendo wa kuhamia mbali, hawakai ila katika udongo ambao umeachwa katika hali moja kwa muda mrefu. Kuwapo kwao ni ushahidi wa utulivu.

Na utulivu ndio ambao ulimaji wa kila mwezi hauuruhusu. Jembe la trekta lipitapo hugeuza juu kuwa chini. Wa gizani huanikwa juani, mayai hukauka, na vile vitundu ambavyo maji, mizizi na nyungunyungu vilivifinyanga kwa miaka mingi huvunjika kwa dakika moja. Kolembola wa juu hupona upesi, maana kizazi kimoja kwao ni majuma machache. Utitiri wa jamaa ya oribatida, wenye magamba ya rangi ya kahawia yanayong'aa, hawaponi upesi hivyo: wengine wao huchukua mwaka mzima au zaidi kutoka yai mpaka utu uzima, na shamba likilimwa mara nne kwa mwaka hawapati nafasi ya kurithisha. Liko na gurudumu, ambalo watu hulisahau. Mkulima wa mizabibu hupita na trekta mara nyingi katika mwaka, kunyunyiza dawa, kukata matawi, kuvuna, na daima hupita palepale, kwa kuwa safu hazimpi njia nyingine. Kwa hiyo kila ujia huwa na mikanda miwili iliyoshindiliwa hata vitundu vyake vikafungika, na asiyeweza kuchimba hana pa kupita humo. Ajaye na sepetu kuchukua sampuli lazima ajue ni wapi anasimama, kwani shibiri tatu kutoka hapo anaweza kukuta nchi nyingine.

Dawa za magugu zilidhaniwa kuwa ni ukombozi kutoka katika jembe, na kwa upande mmoja ni kweli, kwa sababu haziugeuzi udongo. Walakini huondoa chakula. Ukanda ulio chini ya mashina, usioota kitu mwaka mzima, hauangushiwi jani wala mzizi mfu ila wa mzabibu peke yake, na jua huupiga, na mvua huukanda ukafanya ganda. Ufaransa, mnamo Oktoba 2020, iliamua kuizuia dawa ya glaifoseti kati ya safu za mizabibu, ikapunguza sana kipimo kinachoruhusiwa, na kuiachia kati ya safu mahali tu ambapo jembe haliwezi kupita, kama katika miteremko mikali au penye mawe.

Ndipo yanaporudi majani yale ya mvivu. Wakulima wengi wa Austria, Ujerumani, Uswisi na Italia ya kaskazini leo huziacha nyasi ziote baina ya safu, au hupanda klova, mikunde na maua ya namna namna, wakayakata mara mbili tatu kwa mwaka na kuyaacha palepale yalipoangukia. Wataalamu wa Vienna, wakiongozwa na Silvia Winter, mwaka 2018 walikusanya tafiti 74 za nchi mbalimbali wakazilinganisha, wakaona kwamba mashamba yaliyoachiwa mimea, kwa jumla, yalizidi yale yaliyolimwa na kutiwa dawa sana kwa kadiri ya asilimia 20 katika wingi wa aina za viumbe na katika manufaa ambayo ardhi humpa mkulima. Asilimia 20 si muujiza, wala sitaki msomaji auone kuwa muujiza. Na uko utafiti mwingine wa Austria, uliofanywa katika mashamba 16 na kutolewa mwaka 2017, ambao ulionyesha kuwa mimea iotayo na ubora wa udongo wenyewe huwagusa viumbe wa ardhini kuliko ukali wa ulimaji au mandhari ya jirani. Wako waliousoma utafiti huo wakasema, basi jembe halina hatia. Mimi nausoma kwa njia nyingine: kwamba kuliacha jembe tu, bila ya kujali ni nini kiotacho na ni mboji kiasi gani imo, ni nusu ya kazi.

Hoja iliyo na nguvu dhidi ya nyasi ni maji, nayo haifai kupuuzwa na mtu aandikaye akiwa kivulini. Katika nchi ya mvua nyingi nyasi humsaidia mzabibu kwa kunywa maji ya ziada, maana mzabibu ushibao sana huota majani ukasahau matunda; lakini katika Hispania ya kusini, ambako mvua ni chache na kiangazi ni kirefu, nyasi na mzabibu hugombea tone lilelile, na anayeshindwa ni mwenye shamba. Kwa hiyo yamezuka mashauri ya kati: safu moja hulimwa na ya pili huachwa, mwaka ujao zikabadilishana, au mimea hupandwa mvua zinapoanza, ikalazwa chini kabla ya ukavu, ikawa tandiko linalozuia jua. Katika bonde la Waipara, New Zealand, watafiti waliweka matandazo ya mabaki ya mimea chini ya mizabibu wakaona jambo ambalo hata wapinzani wa nyasi watalikubali: uhai wa udongo uliongezeka, majani na vikonyo vilivyoanguka vilioza upesi zaidi, na kwa kuwa kuvu ya botritisi, iozeshayo zabibu mtini, hujificha katika mabaki hayo wakati wa baridi, ugonjwa ulipungua katika msimu uliofuata. Walioko chini waliisafisha nyumba ya adui kabla hajaamka.

Sisi tunalo shamba letu la kuyapimia haya, nalo ni Dodoma. Mizabibu ililetwa Bihawana na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, ikaenea Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na kwingineko mpaka zabibu ikawa zao la fahari la mkoa, na mahali penye kipupwe kisicho na theluji mzabibu haulali usingizi wa Ulaya, hivyo mkulima hupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa viumbe wa udongoni tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Maana yake ni kwamba majani na matawi huanguka ardhini mara mbili, karamu mbili badala ya moja, iwapo hayatakusanywa na kuchomwa moto. Kwa upande wa pili, mvua yote ni kati ya milimita 500 na 600, nayo hunyesha kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili; miezi iliyobaki udongo huwa mkavu, jua hulipiga shamba lililopaliliwa likawa jeupe, na kolembola hushuka chini sana au hubaki kwa mayai tu. Kuchukua kanuni ya nyasi za Austria na kuiweka Hombolo bila ya kuipima ni kumtia mkulima hasarani.

Fauka ya hayo, katika nchi kavu mwenye cheo kikubwa si nyungunyungu bali ni mchwa. Najua jina lake halipendwi na mtu mwenye nguzo za miti shambani, na simlaumu mkulima amwonaye mchwa akipanda katika nguzo akachukua dawa. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 huko Burkina Faso, mtafiti Abdoulaye Mando alionyesha kwamba ardhi iliyokuwa imefanya ganda gumu, haipenyeki maji, ilifunguka tena baada ya kutandazwa nyasi kavu, na walioifungua walikuwa ni mchwa walioifuata nyasi ile na kutoboa njia zao. Palipotandazwa nyasi pakatiwa na dawa ya kuua mchwa, ganda lilibaki. Nguzo za chuma au za zege zikiwezekana, ugomvi wa mkulima na mchwa hupungua sana, kwa sababu mchwa wengi wa nchi kavu hupendelea kilichokufa kuliko kilicho hai. Kumwachia matawi yaliyopogolewa, yakikatwakatwa na kulazwa katikati ya safu, ni kumpa kazi mbali na shina, ila tu matawi yenye ugonjwa yatolewe nje kabisa, maana ubwiri unga, ugonjwa mwingine wa mizabibu, nao una makao yake humo.

Kituo cha utafiti cha Makutupora kimekwisha kufanya mengi mintarafu aina za mizabibu, magonjwa na umwagiliaji, nami natamani sana kuona raia wa ardhini nao wakitiwa katika daftari. Si jambo la gharama. Faneli ya Berlese huweza kufanywa kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa na kupinduliwa, kipande cha wavu wa dirishani, kikombe cha spiriti chini yake, na balbu ya kizamani itoayo joto, si hizi za siku hizi zitoazo mwanga mtupu. Mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekolea, yachukuliwe madonge chini ya shina, mengine katikati ya safu nje ya alama za magurudumu au nyayo, na mengine katika kichaka kilicho jirani ambapo jembe halijafika. Kisha Agosti, ardhi ikiwa kavu, yachukuliwe tena palepale. Yaachwe katika faneli siku kama 7, na katika siku hizo asilitikise mtu donge, ili mchanga usije ukamwagika kikombeni ukawafunika walioanguka. Na mkulima mwenye shamba aitwe aje atazame mwenyewe katika hadubini kabla ya kuambiwa neno lolote juu ya jembe, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua mvua zijazo ni safu ipi ilimwe na ni ipi iachwe.